Njoo na Shangazi

Watu husema mapenzi huanzia machoni. Fundi, ambaye macho ya watu ndiyo kazi yake, angekuambia kwamba hao wasemao hivyo hawajawahi kumpakia mtu kwenye pikipiki. Ya kwake yalianzia mgongoni.

Alikuwa fundi wa miwani. Kutwa nzima alikaa nyuma ya meza yenye taa ndogo, bisibisi nyembamba kama sindano mkononi, akihangaika na skrubu ambazo mtu akipiga chafya zimepotea. Alisaga lenzi, akanyoosha fremu zilizokaliwa na wenyewe, akawaeleza wazee wa watu, kwa upole, kwamba gazeti halijapunguza ukubwa wa maandishi. Kufikia jioni shingo ilikuwa imekakamaa na dunia yote imekuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Ndipo alipovaa kofia ngumu, akapiga kiki, na dunia ikarudi kuwa kubwa.

Pikipiki yenyewe iliitwa Shangazi. Ilikuwa ya shangazi yake hasa, mkunga aliyezungukia nayo nyumba za wajawazito miaka kumi na tisa, mpaka magoti yalipomwambia imetosha. Siku ya kukabidhi funguo alimwambia binti wa kaka yake, "Huyu hapendi kufokewa. Mwendeshe kama unampeleka mgonjwa, atakufikisha popote." Tangu siku hiyo, Fundi akienda kutia mafuta alisema Shangazi ana kiu. Injini ikigoma asubuhi ya baridi, Shangazi ameamka vibaya.

Na asubuhi ndiyo ilikuwa saa yao. Barabara bado ina umande, wafagiaji wanamaliza zamu, baridi inaingia kwenye mikono ya koti na kutokea shingoni. Hakwenda mbio. Mbio aliwaachia wanaokimbia kitu. Yeye alipenda gia ya tatu, mngurumo uliotulia, na ile kona ya kwenye maghala ambapo barabara ikipinda nawe unapinda, bila mjadala, kama watu wawili waliozoeana. Hapo hakuwa na deni la maneno kwa mtu. Hapo alikuwa mzima.

Baada ya kona hiyo tu kulikuwa na bekari, na nje ya bekari, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, alisimama Mwokaji.

Mwanamume wa miraba minne, unga kwenye nyusi, mkate wa moto umefungwa kwenye karatasi. Miezi saba iliyopita alimpungia mkono akamwomba lifti mara moja, maana miguu ilikuwa imechoka. Miguu hiyo haikupona tena. Kila asubuhi Fundi alimpakia mpaka kwake, yeye akaenda kulala, Fundi akaenda kufungua duka, na mkate ukabaki kwenye boksi la nyuma ukimnukia njia nzima.

Wiki ya tatu, katikati ya barabara, kofia iligonga kofia. Ko. Fundi akatulia. Ikagonga tena. Ko. Akasogea pembeni na kusimama.

"Umelala?"

"Nilifumba macho kidogo."

"Mtu anafumba macho kwenye pikipiki? Unataka nikakukusanye barabarani kwa ufagio?"

"Mimi sina kosa," Mwokaji akajibu kwa sauti nzito ya usingizi. "Mgongo wako ndio wenye kosa. Una usingizi ndani."

Fundi alimkemea, tena vizuri. Kisha akavua mtandio wake wa bluu shingoni, akaupitisha nyuma ya kiuno cha mwanamume yule, akaufunga mbele, tumboni kwake mwenyewe. Waliendelea polepole, na uzito wa mtu aliyemwamini ukamwegemea mgongoni kama jua la asubuhi. Tangu siku hiyo mtandio ukawa sehemu ya safari. Hakuna aliyeuliza tena.

Hakuna, mpaka Ijumaa ile.

Ijumaa ile alimkuta amesimama palepale, mkate mkononi, lakini hakusogea kupanda.

"Panda basi, baridi inaingia," Fundi akasema.

"Leo nitatembea kidogo."

"Umegombana na Shangazi?"

Hakucheka. Aliugeuzageuza mkate kama anatafuta palipoandikwa la kusema. "Mama anataka kukuona. Jumapili, saa sita."

Moyo wa Fundi uliruka gia mbili kwa pamoja. Alikuwa amelingoja neno hilo bila kulidai, kama mtu anavyongoja zamu yake kwenye foleni huku akijifanya anatazama ukuta. "Sasa habari njema kama hiyo ndiyo ya kukufanya utembee?"

"Amesema uje bila pikipiki."

"Nipe maneno yake hasa. Usiyachuje."

Mwokaji akavuta pumzi. "Kasema, 'Aje kwa miguu yake. Hicho chombo sikitaki langoni kwangu. Kama anaogopa kuja peke yake, aje na shangazi yake.'"

"Kosa la chombo ni nini?"

"Jirani yake alituona. Siku ile ya manyunyu. Kaenda kumwambia mama kwamba mwanao, ndevu zote zile, kafungwa mbeleko. Anabebwa mgongoni na mwanamke, barabara nzima inatazama. Mama hana raha tangu juzi."

Fundi alitaka kucheka. Mbeleko. Mtu wa kilo tisini. Lakini kulikuwa na jambo moja alilotaka kulijua kwanza. "Na wewe ulimjibu nini?"

Mwokaji alitazama viatu vyake vilivyojaa unga.

"Nilisema sawa."

"Sawa."

"Ni siku moja tu, Fundi. Iache nyumbani siku moja."

"Siku moja niwe nani?"

"Uwe mgeni. Mgeni wa kawaida tu."

"Huyo mgeni mimi simjui. Mwalike yeye." Aliteremsha kioo cha kofia, kisha akakipandisha tena, maana alikuwa hajamaliza. "Pikipiki naweza kuiacha. Nilipougua homa niliiacha wiki nzima na sikufa. Sijaumia kwa hilo. Nimeumia kwa hiyo sawa yako. Kila asubuhi unalala mgongoni kwangu kama mtoto wa mfalme, na siku ya kuulizwa habari za mgongo huo, unasema sawa."

"Fundi..."

"Lete mkate. Sina ugomvi na mkate."

Akauweka kwenye boksi, akaondoka. Kufika njiapanda ndipo alipotambua kwamba mgongo ulikuwa na baridi, baridi ya mahali palipotolewa kitu. Mkate ulinukia njia nzima, na njia nzima alitamani uache.

Jumamosi alipita barabara ya juu, isiyokuwa na bekari. Ilikuwa barabara nzuri, lami mpya, miti pande mbili. Aliichukia. Dukani alifunga lenzi ya kulia kwenye tundu la kushoto, jambo ambalo hakulifanya tangu awe mwanagenzi, na mchana akakaa akikunja na kukunjua mtandio wa bluu mpaka mteja akauliza kama unauzwa.

Jioni alimpigia simu shangazi yake.

"Shangazi, nakuhitaji kesho. Kuna mlango naogopa kuubisha peke yangu."

"Magoti yangu haya? Labda mje mnibebe." Akamsikiliza hadithi nzima bila kumkatiza, kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeona wanaume wengi wakizaliwa. "Amesema uje na shangazi, si ndiyo? Basi nenda na yule mwenzangu. Mimi na yeye tumefika milango mingi iliyofungwa. Hakuna uliotushinda."

*

Jumapili, saa sita kamili, Shangazi alinguruma mbele ya lango la kijani, akakohoa mara moja, akanyamaza.

Mama yake Mwokaji alikuwa barazani. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na mtaa wote ulimwita Mwalimu hata baada ya kustaafu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amestaafu kwelikweli. Gazeti lilikuwa mapajani, kalamu nyekundu mkononi, na alikuwa akilisahihisha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umetapakaa wekundu kama uliopigwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Kalamu haikuinuka. "Nilisema usije na pikipiki."

"Ulisema nikiogopa kuja peke yangu, nije na shangazi yangu. Niliogopa." Fundi akaweka kiganja juu ya tangi lililobabuka rangi. "Huyu ndiye Shangazi."

Mlangoni alikuwa ametokeza Mwokaji na trei ya maji. Alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Pembe ya mdomo wa Mwalimu ikacheza, naye akairudisha mahali pake haraka.

"Unanichezea maneno?"

"Nimekujibu kwa maneno yako, Mwalimu. Sikuwa na mengine mazuri kuliko hayo."

"Ninangoja uniombe radhi."

"Ningechelewa ningeomba. Lakini kwa Shangazi siwezi, nitakuwa nimekudanganya siku ya kwanza tu."

Kisha Mwalimu akaelekeza kalamu kwenye kiti. "Kaa."

Fundi alikaa. Alipopokea maji, vidole vya Mwokaji viligusa vyake chini ya glasi vikachelewa kuondoka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyerudi kwake kwa miguu siku mbili. Fundi alimtazama, akatazama pembeni. Hakutaka kulegea kabla ya kesi kuanza.

"Mwanangu ana miaka thelathini na mitatu," Mwalimu alianza. "Nilimtoa mbelekoni akiwa na miaka miwili, tena kwa vita, maana hakutaka kutoka. Leo naambiwa kuna mtu kamrudisha."

"Mama," Mwokaji akaingilia.

"Wewe katika sentensi hii ni mtendwa. Mtendwa hasemi." Akamgeukia Fundi. "Anabebwa. Hilo ndilo neno nililoletewa, na neno hilo nalijua ndani na nje. Timu mbovu inabebwa na refa. Mwanafunzi mvivu anabebwa na wenzake. Mume anayebebwa na mke, naogopa hata kuimalizia."

"Habebwi, Mwalimu. Anapakiwa."

"Inayopakiwa ni saruji."

"Basi anapanda."

"Anayepanda hafungwi kwa kitambaa."

"Anafungwa kwa sababu anasinzia. Anasinzia kwa sababu wewe ukiwa usingizini yeye ameoka mikate mia nne, na mmoja uko mezani kwako pale, umeufunika kwa sahani. Basi la kwanza linapita saa moja na nusu. Mimi napita saa kumi na mbili. Tofauti yake ni usingizi wa saa nzima na nusu. Mtu akimfikisha mwanao kwake akiwa na saa nzima na nusu ya ziada, unauliza kafikishwa kwa chombo gani?"

Mwalimu alizungusha kalamu. Hakuwa mtu wa kukubali hoja, ila alizitambua zilipopita. "Na wewe? Wewe unapata nini juu ya hicho chombo? Msichana mwenye kazi ya kivulini, ya heshima, ya kukaa kitini. Kuna nini huko juu?"

Hilo Fundi hakulitarajia. Watu walimuuliza kama haogopi, kama hachafuki, kama hatafuti mume. Hakuna aliyemuuliza anapata nini.

"Kutwa nzima nashika vitu vidogo," akasema taratibu. "Skrubu, vipande vya kioo, wasiwasi wa watu. Mtu akianza kupoteza macho anakuja kwangu na hofu yake yote, na mimi napaswa kutuliza mkono. Nikipanda pale, mkono hautulizwi, unatulia wenyewe. Simu hainipati. Hakuna anayenitaka niseme kitu. Upepo unaingia, mawazo yanapangana kama vikombe kabatini. Nikishuka nina subira tena ya watu." Akatabasamu kidogo. "Na tangu awepo wa kuniegemea, napata na hilo. Unajua mtu akilala mgongoni kwako ina maana gani? Si kwamba hana nguvu. Ina maana hakuogopi."

Mwalimu aliinamisha kichwa kwenye gazeti, akakizungushia kitu duara jekundu kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Fundi aliona namna alivyokuwa akisoma, kidevu juu kama anayetazama dari, mkono wa kushoto wa miwani umefungwa uzi. Alijizuia. Alikuwa amejizuia tangu alipofika, na sasa ikamshinda.

"Mwalimu, samahani. Hiyo nukta uliyoizungushia haimo gazetini."

"Haimo?"

"Iko kwenye lenzi. Nadhani ni alama ya inzi."

Mwokaji aligeuka akatazama ukuta, mabega yanatikisika. Mwalimu alivua miwani, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Fundi alinyoosha mkono tu, bila neno, kama anavyofanya dukani, na miwani ikaja. Bisibisi ilikuwa kwenye pete ya funguo, pamoja na ufunguo wa Shangazi. Alikata uzi, akatia skrubu aliyoitoa kwenye kijaluba cha mfukoni, akaunyoosha mkono uliopinda kwa joto la vidole vyake, akafuta lenzi kwa ncha ya mtandio. Dakika nne. Kimya cha kazi kilitanda barazani, na kwa dakika hizo nne hakuna aliyekuwa na ugomvi.

Mwalimu akavaa. Akamtazama Fundi kwa mara ya kwanza, kidevu kikiwa mahali pake.

"Usidhani umeninunua kwa skrubu."

"Hapana, Mwalimu."

"Una kovu kidevuni."

"Nilianguka. Mwaka wa kwanza, nikiwa naringa."

"Kwa hiyo huwa unaanguka."

"Nilianguka nikiwa peke yangu. Nikiwa na mtu sijawahi."

Mkono wa Mwalimu ulikunja gazeti, ukalikunja tena, mpaka likawa dogo kama barua. Alipozungumza, sauti ya darasani ilikuwa imeondoka. "Jirani aliniletea aibu. Aibu ningeimeza, nimemeza nyingi. Lakini hofu hakuniletea yeye. Nilikuwa nayo mwenyewe. Mtoto ni huyu huyu mmoja. Akitoka kwake saa zile kwenda kuoka, huwa naamka kumwombea. Asubuhi sasa namwazia yuko juu ya magurudumu mawili, amelala. Amelala, binti yangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu." Na kweli alisikia. Hoja zote alizokuja nazo zikalegea mkononi, maana hakuna bisibisi ya jambo kama hilo.

Ndipo trei ilipowekwa chini.

"Mama," Mwokaji akasema, "mtendwa anaomba kusema."

Mama yake hakumpa ruhusa. Hakumnyima pia.

"Neno uliloletewa ni la kutendwa. Ulinikatia alama za kauli hizo darasa la sita, nikazikariri jikoni nikilia. Kubeba, kubebwa, kubebea, kubebesha, kubebeka. Kuna moja jirani hakuiona, kwa sababu siku hiyo hakupita." Alisugua viganja vyake vipana, vyenye alama za trei za moto. "Mwezi wa nne tairi lilipasuka kwenye kilima cha machimbo. Fundi alishuka vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Hakuna gari, hakuna mtu. Nilimkalisha juu ya Shangazi nikawasukuma wote wawili mpaka hospitali, saa mbili nzima. Hakuna aliyekuja kukuambia mwanao kabeba mwanamke na pikipiki yake. Akiugua napeleka uji mimi. Nikilala anaamka yeye. Hatubebwi, mama. Tunabebana."

Sasa alimgeukia Fundi, na lile jitu la miraba minne likaonekana dogo, likasimama kama mtu aliyevuliwa kofia. "Na ile sawa ya Ijumaa naifuta. Haikuwa sawa. Nilipaswa kusema hayo siku ileile, nikaona rahisi kukuomba wewe upungue. Nisamehe."

Fundi alimtazama, kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mbele ya mama wa mtu. Siku mbili za baridi mgongoni zikaanza kuyeyuka, kuanzia chini kupanda juu.

"Kutendana," Mwalimu akasema polepole, kama anayeonja.

"Ndiyo, mama."

"Kiambishi ni kipi?"

"An."

"Kwenye mtihani uliandika na." Akainuka, akajipangusa sketi. "Chakula kitapoa."

Walikula. Mwalimu hakusema neno la kheri wala la shari, ila alipopakua, sahani ya Fundi ilijaa kuliko ya mwanawe, na mkate ulipokatwa, yeye ndiye aliyepewa kipande cha pembeni chenye ganda gumu, ambacho Mwokaji alisema baadaye kuwa hajawahi kupewa katika maisha yake yote.

*

Saa kumi alasiri Mwalimu aliwasindikiza mpaka langoni. Fundi alikuwa ampeleke Mwokaji kwake akalale kabla ya zamu. Upande wa pili wa ukuta kilitokeza kichwa cha jirani, na chini ya kichwa, bila shaka, kulikuwa na ndoo aliyosimama juu yake.

"Nionyesheni hicho kitambaa," Mwalimu akasema.

Fundi alisita. Akamtazama Mwokaji, naye akaitikia kwa kichwa, akapanda nyuma, akavaa kofia. Fundi akaketi mbele, akautoa mtandio wa bluu, akaupitisha nyuma ya kiuno cha Mwokaji kama kila asubuhi, akaufunga tumboni.

Mwalimu alizunguka pikipiki nzima, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. Akalivuta lile fundo kwa kidole kimoja. Likaachia.

"Hili ni fundo gani?"

"La kawaida tu, Mwalimu."

"Hili ni fundo la mfuko wa taka. Miezi saba mwanangu amefungwa na fundo la mfuko wa taka." Akaufungua mtandio wote, akaukung'uta. "Nyanyua mikono. Si wewe, huyo mkubwa."

Mwokaji akanyanyua. Kitambaa kikapita chini ya makwapa yake, kikabana mgongoni, kikaja mbele juu ya mabega ya Fundi, kikateremka, kikavukana kifuani. Mikono ya Mwalimu ilikwenda yenyewe. Ilikuwa mikavu, yenye joto, na haikuhitaji miwani. Fundi aliisikia ikipita mbavuni mwake, ikivuta, ikilegeza, ikivuta tena. Hakuwa ameguswa hivyo tangu utotoni, kuvalishwa na mtu mwingine kwa makini.

"Vuta pumzi," Mwalimu akamwambia. "Toa. Hapa inabana?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mama."

Neno lilimtoka bila kupiga hodi. Vidole vya Mwalimu vilisimama kidogo juu ya fundo, kisha vikaendelea.

Aliporidhika alimshika mwanawe mabegani, akamtikisa kushoto na kulia, kama anavyotikiswa mtoto mchanga kuona kama amekaa. Hakucheza hata kidogo.

"Hapo hata akikoroma," akasema.

Kichwa cha ukutani hakikuweza kuvumilia zaidi. "Mwalimu, naona na wewe siku hizi ndiye unayemfunga mbeleko?"

"Nasahihisha," Mwalimu akajibu bila kugeuka.

Fundi akapiga kiki. Shangazi akaitika mara ya kwanza, jambo ambalo hakulifanya siku yoyote mwezi huo. Mngurumo ukatulia chini yao, ule wa gia ya kwanza unaosubiri, na nyuma yake Fundi akausikia uzito ukiegemea, mzima, wa joto, mahali pake. Kofia ikagonga kofia.

Ko.

"Ameshalala?" Mwalimu akauliza.

"Bado. Anajifanya."

"Tangu mdogo." Aliushika usukani kwa mkono mmoja, kama anayemshika mtu mkono wa kuagana asitake kuuachia, akainama karibu na sikio la Fundi ili ukuta usisikie. "Nilisema sikitaki chombo hiki langoni kwangu."

"Ulisema, mama."

"Nilisema mwanangu anabebwa. Nilisema uje kwa miguu. Nimesema mengi wiki hii, mengine nimeyasema kwa jirani."

Fundi alingoja. Jua la alasiri lilikuwa kwenye lenzi zile mbili, safi, hazina hata nukta, na nyuma yake macho yaliyolowa yalimtazama moja kwa moja.

"Wewe hukuniomba radhi," Mwalimu akasema, akauachia usukani. "Na mimi siombi."